Corolla 110 ya zamani: AC ina baridi lakini upepo hafifu, nianzie wapi?

Mlimani_Isyesye

Wakuu, habari za majukumu.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A, AC ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Niko Mbeya mjini. Shida si baridi, shida ni upepo. Swichi ya feni ina namba nne. Namba 1 na 2 hazitoi kitu kabisa, namba 3 inapuliza kidogo, na namba 4 feni inasikika inaunguruma lakini ukiweka mkono kwenye tundu la katikati upepo ni hafifu mno. Huo kidogo unaotoka ni wa baridi kweli.

Dalili nyingine, huenda zikasaidia:

- Nikiteremka Tukuyu kwenda Kyela huku AC imewaka muda mrefu, upepo unazidi kupungua mpaka unakaribia kuisha. Nikizima AC nikaacha feni peke yake, baada ya muda unarudi.
- Asubuhi za ukungu, kipande cha Uyole mpaka Isyonje, kioo cha mbele kinajaa mvuke na hakisafishiki.
- Kuna harufu ya kitambaa kilicholowa, na mara chache vinatoka vichembe vyeusi laini.
- Gari inalala chini ya mgrivea.

Fundi mmoja anataka kujaza gesi. Mwingine anasema dashbodi yote ishuke. Kabla sijatoa hela kwa yeyote, nipime nini na kwa utaratibu gani? Mita ya umeme ninayo. Naomba kuwasilisha.

---

Rewaya_Soweto

Mkuu, umefanya vizuri kutenganisha baridi na upepo, maana hapo ndipo hela za wengi zinapopotea. Kazi ya gesi ni baridi. Upepo unatoka kwenye feni. Hata mfumo ukiwa mtupu bila gesi hata kidogo, feni namba 4 inatakiwa ipulize kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kwa sasa gesi isiguswe. Na dashbodi usikubali ishushwe: kwenye 110 ya usukani wa kulia, feni, resista (inayopunguza mwendo wa feni kwenye namba za chini) na boksi la evaporeta (kipoozeo ambacho hewa hupita kupata baridi) vyote viko nyuma ya droo la upande wa abiria. Ukitoa droo umeshafika.

Anza bila kufungua kitu. Washa injini, zima AC, feni weka namba 4, matundu yote ya usoni yawe wazi.

Sikiliza sauti kwanza. Feni ya aina hii, ile ya pipa lenye mapanga membamba, ikikosa hewa ya kusukuma inakuwa nyepesi, inazunguka haraka zaidi na sauti yake inapanda na kuwa nyembamba. Ikikosa umeme, au bushi zake zikikauka, sauti inakuwa nzito na ya uvivu. Ni kipimo kisicho na gharama na kinakupa mwelekeo kabla hujashika bisibisi.

Kisha hamisha lever kutoka hewa ya nje kwenda hewa ya ndani. Ongezeko dogo la upepo ni la kawaida. Ukiongezeka sana, njia ya kuvutia hewa ya nje imeziba, pale chini ya plastiki ya waipa. Usipobadilika kabisa, ama lango (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa) halisogei, ama kizuizi kiko mbele zaidi, kwenye mapanga ya feni au kwenye evaporeta. Fungua droo, mtu mwingine asogeze lever huku wewe unaangalia kebo. Mara nyingi klipu inayoshika kebo imechomoka na lango limebaki katikati.

Halafu badili uelekeo: usoni, miguuni, kioo cha mbele. Kama miguuni upepo ni wa nguvu na usoni hakuna, feni na evaporeta ni nzima, tatizo ni lango la kugawa upepo au kebo yake. Au bomba la plastiki nyuma ya dashbodi limeachia kwenye kiungo, na hili nimeliweka mwisho lakini linatokea sana kwenye gari iliyowahi kushushwa dashbodi. Pitisha mkono nyuma ya redio na nyuma ya droo, utausikia upepo unavyopotea humo ndani.

Namba 1 na 2 kufa huku 3 ikiwa hai, hiyo ni resista, sina wasiwasi nayo. Ina nyaya za koili zilizofuatana. Namba 1 inapita kwenye koili zote, namba 3 inapita kwenye kipande kimoja tu. Ikikatika katikati, namba za chini zinakufa na ya juu inabaki. Namba 4 haipiti kwenye resista kabisa, kwa hiyo udhaifu wa namba 4 una sababu yake nyingine. Usinunue resista ukategemea namba 4 ipone.

Sasa mita. Usichomoe plagi ya feni. Pima ikiwa imechomekwa, injini imewaka, namba 4, kwa kuingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi. Chukua vipimo vinne:

1. Betri, chanya kwa hasi: kama 13.5 hadi 14.2.
2. Waya mbili za feni, moja kwa nyingine: zisipungue zaidi ya volti 1 chini ya betri.
3. Chanya ya betri hadi waya chanya wa feni: isizidi nusu volti.
4. Waya hasi wa feni hadi chuma kisafi cha bodi: nayo isizidi nusu volti.

Kipimo cha 3 kikiwa kikubwa, angalia fyuzi ya HEATER, rilei yake na swichi kuu. Kipimo cha 4 kikiwa kikubwa, angalia swichi ya feni, plagi yake na sehemu waya ulipofungwa kwenye bodi. Kupima kwa taa ya majaribio hakutoshi hapa, taa itawaka hata kama njia inapoteza volti 2 kwa sababu yenyewe inavuta umeme kidogo mno.

Leta namba tuzione.

---

Spea_Mwanjelwa

Kaka, naongezea upande wa vifaa.

Resista ya gari hii inashikwa na skrubu mbili, inatoka bila kutoa kitu kingine zaidi ya droo. Ukiipeleka dukani nenda nayo mkononi, hesabu pini, linganisha umbo la plagi na urefu wa koili. Kuna zinazofanana sura lakini tundu za skrubu zimepishana. Usikubali kuungiwa waya kuruka koili iliyokatika. Kile kipande kidogo kama fyuzi kwenye resista kipo ili ikipata joto kupita kiasi ikate kabla plastiki ya boksi haijayeyuka.

Na jiulize kwa nini imeungua. Resista imewekwa makusudi ndani ya njia ya upepo ili ipoozwe na huohuo upepo. Upepo ukiziba, inachemka. Ukiweka mpya kwenye njia iliyoziba, nayo itaungua. Safisha kwanza, resista iwe ya mwisho.

Feni ya mtumba ikifika mikononi mwako: zungusha mapanga kwa kidole, yazunguke kirahisi na yasimame polepole bila kukwaruza. Shika shafti uitikise kulia kushoto, isiwe na mchezo. Iwashe kwenye betri kupitia fyuzi ya 30, sikiliza kama inalia. Chungulia kama mapanga yote yapo. Likikosekana moja itatetemesha dashbodi.

Kitu ambacho wengi hawakitazami ni mwelekeo wa kuzunguka. Nyaya zikigeuzwa chanya na hasi, feni inazunguka kinyume na bado inapuliza, ila upepo unakuwa dhaifu sana na kelele nyingi. Kama gari yako imewahi kubadilishwa feni au plagi ikakatwa na kuungwa kwa mkono, hakikisha hilo kabla ya kushuku kingine chochote. Geuza nyaya mbili za mota usikie tofauti.

Fyuzi ikiwa inakatika usipandishe ampea. Feni za saizi hii huvuta takribani ampea 10 hadi 20 namba 4. Ikikata fyuzi ya 30, mota inakwama au waya umegusa bodi.

---

Mwananjombe_Noah

Ndugu, hiyo habari ya kulala chini ya mgrivea ndiyo ningeanza nayo. Majani ya mgrivea ni membamba na yamechanika, yanapenya kwenye matundu ya plastiki ya waipa bila shida. Huku kwetu na upande wa Mafinga kwenye misitu ya Sao Hill ni sindano za misindano, hizo ni mbaya zaidi kwa sababu zinajisuka zenyewe na kuwa mkeka juu ya mapanga ya feni.

Toa mikono ya waipa, toa ile plastiki, ondoa majani kwa mkono na kwa mashine ya kunyonya vumbi kama unaipata. Usipige upepo wa kompresa kuelekea ndani, utayasukuma yote yaingie kwenye feni na evaporeta. Angalia na matundu ya kutolea maji ya mvua kwenye kona mbili za hapo, yakiziba maji yanapanda mpaka yanaingia kwenye feni.

Jambo la pili ni panya. Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, gari iliyosimama huku milimani ndiyo nyumba yao. Wanapita njia hiyohiyo ya hewa na kujenga kiota juu ya feni au mbele ya evaporeta, kwa sponji ya boneti, karatasi, maganda ya mahindi. Ukifungua ukakuta kiota au kinyesi chake usikiguse kwa mkono mtupu wala usikipige upepo. Vaa barakoa na glavu, fungua milango yote, kinyunyizie maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji, acha kama dakika kumi kilowe, ndipo ukitoe kikiwa kimelowa. Jiki isifike kwenye evaporeta, inakula aluminiamu. Angalia pia kama waya hazijatafunwa.

Baada ya kusafisha weka wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 5 au 6 chini ya ile plastiki. Usiweke wavu wa mbu, unashika vumbi upesi na utarudi kwenye tatizo hilohilo la upepo.

---

Mlimani_Isyesye

Nashukuru sana wakuu, kaka zangu na dada wa spea. Nimefuata utaratibu. Majibu ni haya:

Sauti namba 4: nyembamba na ya juu. Hewa ya ndani na ya nje: hakuna tofauti, lakini kebo inasogea na lango linafunga vizuri. Miguuni, usoni, kioo: kote hafifu kwa kiwango kilekile. Mwelekeo wa feni uko sawa, plagi haijawahi kukatwa.

Volti: betri 13.9. Kwenye feni 11.4. Chanya ya betri hadi chanya ya feni 0.3. Hasi ya feni hadi bodi 2.2.

Plagi nyuma ya swichi ya feni imebadilika rangi ikawa ya kahawia na pini moja imelegea. Feni nimeitoa, skrubu tatu tu. Mapanga yamejaa majani na vumbi lililogandamana, nusu ya nafasi kati ya panga na panga hazionekani.

---

Rewaya_Soweto

Vipimo safi kabisa mkuu, hesabu zinafunga: 0.3 na 11.4 na 2.2 ni 13.9. Upande wa chanya ni mzima, usibadilishe rilei wala fyuzi.

Zile 2.2 zinapotelea kwenye swichi na plagi yake. Feni ikivuta ampea 15 tu, hizo ni wati 33 za joto ndani ya pini ndogo, ndiyo maana plastiki imekuwa kahawia. Kabla ya kulaumu swichi peke yake, gawanya njia: pima hasi ya feni hadi waya unaoingia kwenye swichi, halafu waya unaoingia hadi unaotoka, halafu unaotoka hadi bodi. Penye namba kubwa ndipo pa kutengeneza.

Pini iliyopoteza ugumu wake haishiki tena hata ukiibana kwa koleo, ndani ya wiki chache italegea upya. Tafuta plagi nzima yenye vipande vya waya kutoka gari iliyochinjwa, na swichi yake kama meno yake yameungua. Kwa mzigo huu waya uwe wa milimita za mraba 4, ubanwe kwa kiungo cha kubana au uchomelewe risasi, kisha uvikwe mpira wa kusinyaa. Kusokota waya kwa mkono na kuzungushia tepu ni kutengeneza kizuizi kingine cha umeme palepale. Pale waya wa bodi ulipofungwa, fungua boliti ya 10, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga, pakaa grisi kwa juu.

Lakini umeme huo peke yake usingeshusha upepo kiasi ulichoeleza. Kutoka 13 na kitu hadi 11.4 feni inapungua chini ya moja ya tano ya mwendo wake. Kilichobaki ni majani, na nina hakika evaporeta nayo imeziba, kwa sababu sauti yako ni nyembamba kote na ulisema vinatoka vichembe vyeusi. Vichembe hivyo ni sponji ya malango ya ndani. Kwenye magari ya umri huu inaoza na kumeguka. Yanayomeguka kabla ya evaporeta yanakwama kwenye uso wake, juu yake vumbi linashika kwa unyevu.

---

AC_Ipogolo

Hapo kwenye evaporeta naomba niendelee mimi, maana ndipo kwenye dalili ya Kyela.

Upepo kupungua kadiri AC inavyowaka, na kurudi ukizima AC ukaacha feni, ni barafu. Evaporeta imeganda, mapezi yake (vile vibati vyembamba) yamefunikwa, hewa haipiti. Hakikisha hivi: upepo ukishaisha, simama, zima injini, angalia chini ya gari upande wa abiria. Ukikuta maji mengi yanamwagika ndani ya dakika chache, mengi kuliko matone ya kawaida, ilikuwa barafu inayeyuka.

Sababu zake ni tatu. Hewa kidogo inayopita. Sensa ya evaporeta isiyozima kompresa. Au gesi pungufu. Na hii ya kwanza ndiyo watu wanairuka. Evaporeta inahitaji joto la hewa ya ndani ya gari ili isishuke chini ya sifuri. Ukiipunguzia hewa kwa nusu, joto linalofika halitoshi, inaganda, barafu inapunguza hewa zaidi, inaganda zaidi. Kyela kuna unyevu mwingi hewani kuliko Mbeya, kwa hiyo barafu inajengeka haraka huko. Ndiyo sababu nasisitiza: safisha njia ya hewa na maliza umeme, kisha rudia safari ya Kyela kabla ya mtu yeyote kugusa gesi. Ukijaza gesi leo juu ya evaporeta iliyoziba, geji zitakudanganya, fundi atazidisha, na presha ya upande wa juu itapanda mpaka iumize kompresa.

Kusafisha bila kutoa evaporeta inawezekana kama uchafu haujawa gamba. Feni ikiwa nje na resista ikiwa nje, ingiza kamera ya simu na tochi, piga picha uso wa evaporeta, upande ule hewa inapoingilia. Kama ni vumbi na nyuzi, yatoe kwanza yakiwa makavu kwa brashi laini, ukipitisha kufuata mapezi, kamwe usiyakatize. Funika carpeti, na kompyuta ya injini kama iko jirani. Hakikisha mrija wa kutoa maji uko wazi: mwaga nusu lita ya maji ndani ya boksi na uone kama yanatokea chini ya gari. Ukiziba, uzibue kutokea chini kwa waya laini ulioviringwa ncha, si ncha kali, evaporeta iko karibu.

Kisha nyunyiza dawa ya povu ya evaporeta, ile iliyoandikwa kuwa haili aluminiamu. Ukiikosa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu. Subiri dakika 15, suuza kwa kinyunyizio cha mkono polepole, lita 2 au 3 kwa mikupuo, mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe. Sabuni ya unga, magadi ya kuoshea, maji ya betri, vyote hivyo vinakula aluminiamu, na evaporeta iliyotoboka ni gharama kubwa kuliko yote tuliyozungumza hapa. Mashine ya kuoshea magari nayo hapana, inalaza mapezi. Ukikausha kwa upepo wa kompresa shusha mpaka bar 2, na shika umbali wa sentimita 20. Baada ya kurudisha feni, iache ipulize AC ikiwa imezimwa na hita imefunguliwa kwa nusu saa hivi.

Kama picha inaonyesha gamba gumu la udongo na sponji, lazima itoke. Hapo tafuta mwenye mashine ya kunyonya gesi, isiachiwe hewani. Mabomba yakifunguliwa yazibwe palepale, unyevu usiingie. Oringi zote (mipira ya duara ya viungo) ziwe mpya, zile za gesi ya R134a, zipakwe oili ya kompresa. Ukiweka evaporeta mpya ongeza cc 40 za oili ya aina inayotakiwa na kompresa yako. Nyingi za Denso za wakati huo hutumia ND-OIL 8. Ukirudisha ileile baada ya kuosha na kukausha, oili iliyosuuzwa irudishwe. Kifaa cha kuvuta hewa kiwashwe si chini ya nusu saa, halafu uzime na usubiri dakika 15 sindano isisogee. Gesi iingie kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo chini ya boneti, kwa mizani.

---

Mwananjombe_Noah

AC_Ipogolo, hapo kwenye kuvuta hewa: huku Njombe sindano haifiki inchi 30 ya geji, na watu wanabadilisha pampu bure. Fafanua kidogo kwa faida ya wote.

---

AC_Ipogolo

Swali zuri. Geji inalinganisha na hewa ya mahali ulipo, na hewa ya milimani ina uzito mdogo. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Iringa iko chini kidogo ya hapo. Sehemu zote mbili vakyumu kamili (hewa yote ikiwa imevutwa) inagota kati ya inchi 24 na 25, Njombe karibu 23 na nusu. Pampu iko salama. Pima ubora wake kwa geji ya maikroni, au kwa kuangalia kama sindano inagota haraka na kubaki.

Hilohilo linagusa upande wa presha ya chini. Kwa R134a, presha inayolingana na nyuzi sifuri ya kuganda, usawa wa bahari, ni takribani psi 28 kwenye geji. Mbeya inaangukia psi 30 au 31. Fundi aliyezoea namba za Dar akiona 28 hapa atadhani evaporeta iko kwenye sifuri kamili, kumbe iko chini yake na inaganda taratibu. Kwenye presha ya juu tofauti hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na namba zenyewe.

Kuhusu sensa: ni kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye mapezi. Nyingi za Denso za miaka hiyo husoma karibu kiloomu 1.5 kwenye nyuzi 25. Itumbukize ncha yake kwenye maji yenye barafu, usomaji upande taratibu mpaka zaidi ya mara mbili. Ikiruka, ikibaki palepale, au ikasoma wazi, badilisha. Angalia pia kama imechomoka kwenye mapezi na inaning'inia hewani. Hapo ni nzima lakini inapima sehemu isiyo na baridi halisi, na kompresa haizimi.

---

Mlimani_Isyesye

Evaporeta nimeipiga picha: vumbi na nyuzi nyeusi, si gamba. Nimesafisha bila kuitoa kama ulivyoelekeza kaka, maji ya mwisho yametoka safi. Mapanga ya feni nimeyaosha yote. Plagi na swichi nimebadilisha, bodi nimekwangua. Sasa kwenye feni nasoma 13.2, hasi hadi bodi ni 0.3. Upepo namba 4 ni tofauti kabisa, unasukuma karatasi kutoka mkononi, na harufu imekata. Resista mpya nimeweka mwisho, namba zote nne zinafanya kazi.

Safari ya Kyela bado. Je, nikifika huko nitazame nini hasa ili nijue kama sensa au gesi bado ni tatizo? Na kioo cha mbele?

---

AC_Ipogolo

Weka kipimajoto chembamba kwenye tundu la katikati, AC imewaka, feni namba 2, hewa ya ndani. Namba 2 nakupa makusudi kwa sababu upepo mdogo ndio unaogandisha. Kikishuka mpaka nyuzi 4 hivi, sikiliza kompresa: inatakiwa ikate, kisha ijirudishe kikipanda kidogo. Ikikata na kurudi, na upepo ukabaki uleule kwa saa nzima, umemaliza. Gesi iache.

Kikiendelea kushuka kuelekea sifuri bila kompresa kukata, ni sensa au saketi yake. Hapo hata namba 4 haitakuokoa kwenye hewa ya Kyela.

Kikibaki juu, tuseme nyuzi 12 na zaidi, huku bomba nene kwenye ukuta wa injini halina baridi, ndipo ushuku gesi imepungua. Na ikipungua kuna inapovujia. Itafutwe kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau (UV) kabla ya kujaza.

---

Rewaya_Soweto

Kioo cha mbele Uyole mpaka Isyonje: hewa ya nje, uelekeo kioo, AC imewaka na hita imefunguliwa pamoja, feni namba 3. AC inakausha hewa, hita inaipasha, hewa kavu ya moto inakula mvuke. Ukiweka hewa ya ndani unarudisha unyevu wa pumzi zenu kwenye kioo. Mvuke ukibaki wa mafuta na utamu puani, kagua hita isivuje maji ya rejeta. Hiyo ni kazi nyingine na ifunguliwe mada yake.